Binti anaomba vyuo vigumu vya Marekani: je, insha itamuingiza?

Swali: "Binti yangu amemaliza kidato cha sita kwa alama za juu na anaomba vyuo tisa vya Marekani: Harvard, Yale, Princeton, MIT, Stanford, Columbia, Duke, Berkeley na UCLA. Ada hatuiwezi, kwa hiyo anaomba na msaada wa fedha. Ameandika insha kuhusu uongozi wake shuleni, nimekutumia yote. Mwalimu wake anasema aiache, aandike kuhusu kifo cha baba yake, maana Wamarekani wanapenda habari za shida. Kuna wakala naye anasema tukimlipa atahakikisha mtoto anapata nafasi. Je, insha hii itamuingiza? Na zaidi ya yote, mtoto huyu hajawahi kushindwa kitu. Nimwambie nini asije akavunjika moyo?"

Jibu:

Dada yangu, nianze na hilo la insha kumuingiza, kwa sababu mengine yote yanatoka hapo. Haitamuingiza. Vyuo hivi havimpokei mtu kwa insha peke yake, hata iwe nzuri namna gani. Inachoweza kufanya ni kumsaidia msomaji amwone binti yako ni mtu wa namna gani, pale ambapo alama zimeshamfikisha mezani. Hii uliyonitumia bado haijafanya kazi hiyo, ingawa katikati yake kuna aya moja nzuri kweli. Nitaifikia.

Kinachonipa wasiwasi zaidi kwenye barua yako ni kwamba nyote watatu, wewe, binti na mwalimu, mnalichukulia jambo hili kama mtihani. Sishangai, maana tumesoma hivyo na kupanda madarasa hivyo. Mtihani una kiwango, ukikifikia umefaulu, na kama hukukifikia basi kuna swali ulilikosea. Vyuo vigumu vya Marekani havina kiwango cha namna hiyo. Vina sharti la chini tu, kwamba mwombaji aweze kuyamudu masomo, na wanaolitimiza ni wengi kuliko viti. Kuanzia hapo hakuna kusahihisha, kuna kuchagua.

Chukua Harvard yenyewe. Ilipofikishwa mahakamani na Students for Fair Admissions, kundi linalopinga rangi kutumika katika kuchagua wanafunzi, hukumu ya mwaka 2019 iliweka hadharani hesabu za kundi lililoingia chuoni mwaka 2015. Waombaji wa ndani ya Marekani peke yao walikuwa takriban 26,000. Zaidi ya 8,000 kati yao walikuwa na wastani kamili wa alama za shuleni. Kama 3,500 walipata alama zote za hisabati kwenye SAT, mtihani wa Marekani wa kuombea chuo, na 2,700 wakapata zote za upande wa lugha. Viti vya mwaka wa kwanza, kwa dunia nzima, vilikuwa kama 1,600. Darasa lote lingejazwa na wenye wastani kamili, na bado maelfu ya wenzao wenye wastani huohuo wangebaki nje.

Kwa hiyo kamati inajenga darasa. Inataka mwanafizikia, mpiga fidla, mtu atakayeandika kwenye gazeti la chuo, mtoto wa kwanza katika ukoo wake kufika chuo kikuu, na kocha wa makasia naye ana orodha yake. Wawili wanaolingana kwa kila kitu, mmoja huchukuliwa na mwingine huachwa kwa sababu ambayo hawataijua maisha yao yote. Ukilikubali hilo, maswali yako mawili makubwa, la insha na la moyo wa mtoto, yanajibika kwa pamoja.

Twende kwenye insha. Maombi mengi hupitia Common App, fomu moja ya mtandaoni inayotumiwa na vyuo vingi, na insha kuu ina maneno yasiyopungua 250 wala kuzidi 650. Maswali ya kuchagua ni saba, la saba likiwa mada yoyote utakayo, kwa hiyo usipoteze usiku kubishana swali lipi ni bora. Hakuna lililo na bahati kuliko jingine. Anayeisoma ni afisa udahili ambaye faili zima la mtoto, alama, barua za walimu, orodha ya shughuli na insha, hulipatia dakika chache, na kuna mafaili mengine yanamsubiri. Alama ameshaziona. Barua za walimu amezisoma au yuko karibu kuzisoma. Anapofika kwenye insha anatafuta kitu ambacho hakimo kwenye karatasi nyingine: mtoto huyu anafikirije akiwa peke yake?

Binti yako ameanza hivi: "Tangu nikiwa mdogo nimekuwa na shauku kubwa ya uongozi na ya kuleta mabadiliko chanya katika jamii yangu." Aya ya pili: "Nikiwa kiongozi wa wanafunzi nilijifunza uvumilivu, ushirikiano na umuhimu wa kufanya kazi kwa bidii." Sarufi haina kosa. Lakini mpe sentensi hizo kiongozi mwingine yeyote wa wanafunzi, wa shule yoyote, zitamkaa vilevile. Tena cheo chenyewe kimeshaandikwa kwenye orodha ya shughuli, ambayo ina nafasi kumi na kila moja maelezo ya herufi 150, nafasi tupu zikihesabiwa. Pale ndipo mahali pa uongozi: aliongoza wangapi, alifanya nini, kwa muda gani. Akiurudia kwenye insha anakuwa ametumia maneno 650 kusema kilichokwisha semwa kwa mstari mmoja.

Sasa aya ya nne. Anasema alikabidhiwa daftari la kuazimia vitabu vya maktaba. Kitabu kimoja cha kemia daftari lilionyesha kimepotea, muhula mzima hakijarudi. Alipokifuatilia akakikuta. Kilikuwa kimepita mikononi mwa wanafunzi kumi na mmoja, kila mmoja akimwachia mwenzake bila kupitia maktaba, na pembeni mwa kurasa kulikuwa na miandiko tofauti ya penseli, mmoja akimsahihisha mwingine hesabu za moli. Halafu anaandika sentensi moja: "Nilikirudisha rafuni kama sheria inavyotaka, na kwa wiki tatu hakuna aliyekiazima." Baada ya hapo anarukia "uongozi ni dhamana" na kitabu hakitajwi tena.

Dada, hiyo ndiyo insha. Mtoto ametekeleza wajibu wake sawasawa, na kwa kuutekeleza amekizima kitu kilichokuwa kinafanya kazi. Anajua kwamba amekizima, ndiyo maana amezihesabu zile wiki. Lakini hajakaa na jambo hilo. Amelikimbia kwa sababu halimwonyeshi kama kiongozi bora, naye anaandika kama anayejibu mtihani wa uongozi bora.

Asianze upya kwa kuandika. Aanze kwa kuulizwa, na wewe unaweza kumuuliza vizuri kuliko mimi. Mbona alikirudisha, wakati alikuwa ameshaona kinasomwa? Alimwogopa nani? Wale kumi na mmoja walisemaje? Ile miandiko ya pembeni, aliifuta? (Maktaba nyingi zingemtaka aifute. Natamani kujua.) Akikabidhiwa daftari lilelile leo, angeweka safu gani mpya? Mwache ajibu kwa mdomo, kwa lugha anayoizungumza nyumbani, nawe uandike vineno vyake kwenye karatasi bila kuvipamba. Katika majibu hayo kutakuwa na mawili matatu ambayo hata yeye hakujua anayafikiri. Hayo ndiyo yaende kwenye insha, kwa Kiingereza chake mwenyewe.

Ufunguzi ungeweza kuwa mwepesi tu, mfano: "Kwa mujibu wa daftari langu, kitabu cha kemia kilikuwa kimepotea." Msomaji anataka kuendelea, na katika sentensi hiyo hakuna neno shauku wala neno mabadiliko. Huo ni mfano, asiunakili. Tukio lenyewe lisizidi nusu ya insha. Nusu inayobaki ni kufikiri: sheria ilikuwa inalinda nini, ilikuwa inaharibu nini, na amebaki na swali gani. Si lazima alijibu. Wengi huharibu mwishoni kwa kufunga na funzo, "hapo ndipo nilipojifunza kwamba", kama hadithi za darasa la nne. Afisa udahili mwenye uzoefu akiona aya ya namna hiyo inakuja huiruka.

Na msamiati. Mwalimu ameongeza maneno mazito, naona kwa kalamu nyekundu. Yaondolewe. Mtoto wa miaka kumi na minane anayeandika kama hotuba ya ufunguzi wa semina hamfurahishi msomaji, humtia shaka kwamba kuna mtu mzima ameshika kalamu. Shaka hiyo siku hizi ni kali kuliko zamani. Sera ya Common App kuhusu udanganyifu inataja waziwazi kuwasilisha kama kazi yako maudhui yaliyotungwa na programu ya akili bandia. Mwaka 2024 Duke, ambayo iko kwenye orodha yenu, iliacha kuzipa insha alama za namba, kwa sababu haikuwa na uhakika tena kwamba zinaonyesha uwezo halisi wa mwombaji wa kuandika. Bado inazisoma ili kumjua mtu. Wasomaji wa rasimu wawe wawili, mmoja anayemjua binti na mwingine asiyemjua, na kazi yao iwe kumwambia "hapa sijaelewa" au "hapa sikusikii wewe". Wasimwandikie.

Kuhusu marehemu baba yake. Kwanza pole, dada. Mwalimu ana nia njema lakini amekosea anaposema Wamarekani wanapenda shida. Wasomaji hawa husoma habari za msiba, ugonjwa na umaskini msimu mzima, na msiba wenyewe hauongezi kitu kwenye faili. Wanachoangalia ni mwandishi. Kama binti mwenyewe anataka kuandika kuhusu baba yake, ana jambo la kusema na anaweza kulirudia rasimu baada ya rasimu bila kuumia upya, ana haki hiyo, na insha nzuri za namna hiyo zipo. Kama wazo ni la mwalimu, liachwe. Insha aliyosukumwa mtu kuiandika kuhusu kifo husomeka hivyohivyo, na mtoto hubaki na hisia kwamba amemuuza baba yake, hasa matokeo yakija mabaya.

Ila msiba huo usifichwe. Common App ina sehemu ya hiari ya changamoto na mazingira, yenye maneno 250. Hapo aandike kwa utulivu na bila mapambo: ilitokea lini, nyumbani kulibadilika nini, yeye alibeba kazi gani, na kama alama za muhula fulani zilishuka basi ni ule. Sentensi tano zinatosha. Mkuu wa shule naye anaweza kuligusa kwenye barua yake. Msomaji atakuwa na picha kamili, na insha kuu itabaki huru kwa kitabu cha kemia.

Vyuo vingi vitamwongezea maswali yao mafupi. Stanford kwa miaka mingi imekuwa ikiwataka waombaji wamwandikie mwenzao wa chumbani wa baadaye. MIT haitumii Common App kabisa, ina fomu yake na insha fupi kadhaa. Na tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya Juni 2023, iliyokataza kabila na rangi kutumika kama kigezo cha kupokea wanafunzi, vyuo kadhaa vimeweka swali kuhusu mazingira aliyokulia mwombaji. Hukumu hiyo yenyewe ilisema chuo hakikatazwi kuzingatia maelezo ya mwombaji kuhusu jinsi rangi yake ilivyogusa maisha yake. Ajibu kama anavyojibu insha kuu, kwa kitu kimoja cha kweli. Swali linalowaangusha wengi ni "kwa nini chuo chetu?". Kipimo chake ni rahisi. Futa jina la chuo kwenye jibu, weka la kingine, soma tena. Likiingia bila kukwaruza, jibu halijaandikwa. Maabara, kozi au utaratibu mmoja wa kufundisha uliopo hapo, pamoja na sababu yake binafsi ya kuutaka, unazidi aya nzima ya sifa za chuo na majengo yake.

Sasa orodha, na hapa nitakuwa mkali kidogo.

Berkeley na UCLA ziondoeni leo. Ni vyuo vizuri, lakini ni vya umma vya jimbo la California, na havitoi msaada wa fedha kwa kuangalia uhitaji wa mwanafunzi wa kigeni. Akipokelewa mtaletewa gharama kamili. Isitoshe vina fomu yao tofauti, yenye majibu manne ya maneno 350 kila moja, yaliyochaguliwa kati ya maswali manane. Hiyo ni kazi ya wiki kadhaa kwa mlango ambao hata ukifunguka hamtaweza kuupita.

Vinabaki saba, na katika miaka ya karibuni kila kimoja kimekuwa kikipokea takriban kati ya asilimia 3 na 6 ya waombaji. Watu hujumlisha kichwani: saba mara nne, karibu thelathini kwa mia, si haba. Tufanye hesabu hiyo kwa ukarimu, tuseme kila chuo kina nafasi ya asilimia 4 na uamuzi wa kimoja hauhusiani na wa kingine. Uwezekano wa kukosa vyote saba unakuja kama asilimia 75. Na ukarimu huo hauna msingi. Maamuzi yanahusiana, kwa sababu vyuo vyote vinasoma mtoto yuleyule, barua zilezile na udhaifu uleule. Halafu asilimia hiyo 4 ni wastani wa watu wasiofanana. Takwimu zilizotoka kwenye kesi ile ya Harvard zilionyesha kwamba wanamichezo walioitwa na makocha walipokelewa kwa zaidi ya asilimia 80, na watoto wa waliosoma hapo kwa takriban theluthi moja. Ukiwatoa hao, anayebaki kwenye foleni ya kawaida ana nafasi ndogo kuliko wastani, na mwombaji wa kigeni anayehitaji fedha, kwenye vyuo vingi, ana ndogo zaidi.

Hapo pa fedha ndipo pa kupangia orodha upya. Harvard, Yale, Princeton na MIT hazimhesabii mwombaji uwezo wa familia zinapoamua, hata akiwa mgeni, na zikimpokea zinaziba pengo lote la gharama. Stanford, Columbia na Duke nazo huziba pengo kwa mgeni zinayempokea, lakini uhitaji wake huingia kwenye uamuzi, kwa hiyo mwenye kuhitaji kingi anaweza kuachwa kwa sababu hiyo. Kuna vyuo vingine ambavyo haviangalii uwezo hata kwa wageni na binti hakuviweka: Amherst, Bowdoin, Dartmouth, Brown, Notre Dame, Washington and Lee. Navyo ni vigumu, msidanganyike. Kisha kuna vyuo vidogo ambavyo nyumbani hakuna anayevijua majina, vinavyotoa misaada mizuri kwa wageni ingawa vinaangalia uhitaji: Grinnell kule Iowa, Macalester kule Minnesota, ambako Kofi Annan alipata shahada yake ya kwanza mwaka 1961. Berea, Kentucky, haitozi ada ya masomo kwa mwanafunzi wake yeyote, ila wageni inaowachukua ni wachache.

Ningekuwa yeye ningebaki na vitatu au vinne vya ile orodha ya kwanza na kuongeza vinne au vitano vya hii ya pili. Vikizidi hapo, majibu ya "kwa nini chuo chetu" yataanza kufanana. Fomu za fedha, hasa CSS Profile, ambayo familia hueleza humo mapato na mali zake, zina tarehe zake, na zikichelewa chuo kinaweza kumpokea bila msaada, jambo ambalo kwenu ni sawa na kukataliwa. Wala asifiche kwamba anahitaji msaada akidhani ataomba akishafika. Vyuo vingi haviruhusu mgeni aanze kuomba baadaye. Akitaka kuomba mapema kwa ahadi kwamba akipokelewa lazima aende, ahadi hiyo hutolewa kwa chuo kimoja tu, na chuo kinaweza kumfungulia endapo msaada utapungua mno. Tarehe ya mwisho huwa Novemba 1 au karibu yake, na jibu hutoka katikati ya Desemba. Maombi ya kawaida hufungwa mwanzoni mwa Januari kwa vyuo vingi, majibu mwishoni mwa Machi, na mwanafunzi huamua kufikia Mei 1.

Utaona sijataja chuo cha uhakika. Mmarekani huambiwa aweke viwili vya uhakika kwenye orodha yake. Mgeni anayehitaji karibu gharama zote hana kitu hicho Marekani. Uhakika wenu uko nyumbani, chuo kikuu ambacho alama alizonazo zinamwingiza. Aombe huko kwa wakati na kwa umakini uleule, achague kozi anayoitaka kweli, na pasitajwe nyumbani kama mahali pa walioshindwa.

Hilo linanileta kwenye moyo wake. Usingoje Machi ili umfariji. Mwambie sasa, kabla hajabonyeza kutuma, na umwonyeshe hesabu. Mtoto wa sayansi ataielewa asilimia 75 vizuri kuliko maneno ya "Mungu ana mpango". Mwambie hivi, au kwa maneno yako: "Mwanangu, yawezekana kabisa wakakataa wote, na haitakuwa kwa sababu kuna kitu ulikosea. Tunajaribu kwa sababu ukipata ni kubwa. Usipopata, Septemba unaingia chuo kile kingine na unasoma." Amwambie mtu mmoja au wawili anaowaamini, basi. Nimeona watoto ambao kukataliwa hakukuwaumiza kama kulivyowaumiza kuulizwa na shangazi, mjomba, majirani na kanisa zima "vipi Harvard?". Orodha yake isitangazwe.

Siku ya majibu chuo huweka saa, na jibu hufunguliwa kwenye akaunti ya mwombaji. Akitaka kulifungua peke yake mwache. Barua ya kukataa haitatoa sababu, na wewe usianze kuitafuta, wala kurudi kwenye insha kusema "nilikwambia ile aya". Akiwekwa kwenye orodha ya kusubiri, akubali kubaki, atume barua fupi moja yenye habari mpya kama ipo, kisha aishi kana kwamba wamekataa. Wengi wa walio kwenye orodha hizo hawaitwi. Kuomba tena mwaka unaofuata kunawezekana, lakini kuna maana tu kama kuna kitu kikubwa kimebadilika kwenye faili.

Na kama atauliza, kwa uchungu, je maisha yamekwisha, jibu la watafiti lipo. Stacy Dale na Alan Krueger, katika utafiti wao wa mwaka 2002, walilinganisha wanafunzi wa Marekani wenye uwezo na ndoto zinazofanana, waliosoma vyuo vigumu zaidi na waliosoma vya kawaida zaidi. Mapato yao baadaye yalikaribiana sana, ingawa waliotoka familia za kipato cha chini walionekana kunufaika na chuo kigumu. Mwaka 2023 Raj Chetty, David Deming na John Friedman walionyesha kwamba vyuo vya juu kabisa haviongezi sana wastani wa kipato cha mtu, ila vinaongeza uwezekano wa kufika kwenye tabaka la juu kabisa. Mimi nasoma matokeo hayo pamoja hivi: kwa mtoto kama wako kuna sababu nzuri ya kujaribu, na hakuna sababu ya kudhani kwamba asipoingia uwezo wake umepotea. Uwezo anao tayari, na atauchukua popote atakapokwenda.

Mwisho, wakala. Usimlipe. Hakuna mtu wa nje anayeweza kuhakikisha nafasi kwenye vyuo hivi. William Singer aliwauzia matajiri wa Marekani huduma ya namna hiyo kwa hongo, udanganyifu kwenye mitihani na wasifu wa uongo wa michezo. Kesi ililipuka Machi 2019, na Januari 2023 alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu na nusu. Wakala wenu hana hata mlango aliokuwa nao Singer. Atakachofanya ni kuiandika insha upya kwa maneno mazito, kisha achukue sifa ikitokea bahati. Kwa ushauri, tafuteni ofisi ya EducationUSA, mtandao wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Ada za maombi zinaweza kusamehewa mkieleza hali yenu kwenye fomu. Fedha ambazo mngempa wakala ziwekeni kwenye SAT, ambayo hukuitaja kabisa. MIT iliirudisha kuwa sharti mwaka 2022, Harvard, Brown na Dartmouth zikafuata mwaka 2024, na mwaka huohuo Yale ikataka SAT au mtihani mwingine kati ya michache iliyoitaja. Kama hajaifanya, mwandikishe kwanza kabla ya kurudi kwenye rasimu, kwa sababu bila alama hizo vyuo kadhaa kwenye orodha niliyokuandikia havitamhusu.